Darasa la Zoom: slaidi zisikwame, mteja aliyelipa asikukimbie



Somo la leo ni la wale tunaouza vitu mtandaoni na sasa tumeongeza na madarasa. Unauza malighafi za sabuni, unafundisha kutengeneza sabuni ya maji. Unauza vifaa vya keki, unafundisha kupamba keki. Unauza mitandio, unafundisha kuagiza mzigo. Biashara nzuri hii, kwa sababu anayejifunza kwako ndo huyo huyo kesho anarudi kununua kwako. Ila ina ugumu wake: mtu anatuma elfu kumi yake kabla hajaona chochote, halafu anakupima ndani ya dakika kumi za mwanzo. Slaidi zikiganda, maandishi yakiwa kama wadudu, anaandika kwenye kundi la WhatsApp "mbona mimi sioni kitu?" Wakishaandika wanne hivyo, wa tano anaomba hela yake.

Nimelipia madarasa mengi ya mtandaoni, mengine ya watu wenye wafuasi wengi kuliko duka langu na maduka jirani yakijumlishwa. Kitu nilichoona ni kwamba mwalimu akiambiwa slaidi hazionekani, jibu lake la kwanza ni "mbona huku kwangu ziko vizuri". Na kweli kwake ziko vizuri. Laptopu iko mezani, haijasafiri popote. Shida iko kwa dada aliyekaa dukani kwake Masasi na simu yenye kioo kilichopasuka kona, mtandao unakuja na kuondoka, na wateja wanamuita. Slaidi laini ni ile inayokwenda vizuri kwenye simu yake yeye. Kwenye laptopu yako kila kitu kitakwenda vizuri, hata kibaya.

KINACHOTOKEA NJIANI

Ukibonyeza kwenda slaidi inayofuata, Zoom inachukua picha mpya ya skrini yako, inaikamua iwe ndogo, inaipeleka kwenye mitambo yao, na mitambo inaisambaza kwa kila mwanafunzi. Sauti yako nayo inasafiri, lakini sauti ni mzigo mdogo. Kwa mwenye mtandao dhaifu sauti inawahi, picha inachelewa. Tena picha ikifika inafika kwanza ikiwa na ukungu, halafu inajisafisha taratibu.

Sasa chukua darasa la sabuni. Uko kwenye slaidi ya soda ash, unabonyeza kwenda ya chumvi, na hapo hapo unaanza: "hii tunaweka kiasi hiki." Dada wa Masasi anasikia "hii tunaweka kiasi hiki" huku macho yake bado yanaona soda ash. Anaandika kwenye daftari. Kesho anachanganya, sabuni inakataa kushika uzito au inakatika inakuwa maji maji, malighafi zimeharibika, na hajui kwamba kosa lilitokea kwenye sekunde tatu za slaidi. Anachojua ni kwamba fomula yako ni ya uongo. Na atawaambia wenzake.

Kwa hiyo tabia ya kwanza kuijenga: badili slaidi, nyamaza, hesabu kimoyomoyo moja mpaka tatu, ndo uongee. Na unapoanza kuongea, taja jina la kitu na namba ya slaidi. Usiseme "hii", usiseme "hapa", usiseme "kama mnavyoona". Sema "tuko slaidi namba 6, chumvi." Aliyebaki namba 5 atajua amebaki, atasubiri. Kimya cha sekunde tatu kwako kitaonekana kirefu kama foleni ya Mbagala, lakini kwa mwanafunzi hakuna kimya chochote, ndo kwanza picha inafika.

Namba hizo lazima ziwe kubwa na ziwe kwenye kila slaidi, juu pembeni. Ile namba ndogo ya chini inayowekwa na programu yenyewe haisaidii mtu.

SIMU YA PILI

Hiki ndicho kitu ningependa ukishike hata kama mengine yote utayasahau. Ingia kwenye darasa lako mwenyewe kama mwanafunzi, kwa simu nyingine. Kama huna, azima ya mdogo wako kwa saa moja, mpe hata soda. Iwe simu ya kawaida tu, ile ya bei ya chini ndo nzuri zaidi, maana ndo wanazotumia wateja wako wengi.

Masharti ni mawili. La kwanza, isitumie Wi-Fi ile ile ya laptopu yako. Iwe kwenye bando lake, ikiwezekana laini ya mtandao tofauti. Ukiziweka zote kwenye chanzo kimoja, unachokiona kwenye simu hakifanani na cha mtu wa mbali. La pili, usiiunganishe na sauti. Zoom inapokuuliza kuhusu sauti wakati wa kuingia, kataa. Vifaa viwili vyenye maiki na spika wazi ndani ya chumba kimoja vinapigana, unatokea ule mlio wa kutoboa masikio, na mwanafunzi mwenye spika za masikioni atakuchukia kabla hujasema karibuni.

Iegemeze mbele yako, hata kwenye glasi. Hiyo ndo kioo chako. Ukibadili slaidi kwenye laptopu, usiangalie laptopu, angalia simu. Ikibadilika kwenye simu, ongea. Hapo hata kuhesabu moja mpaka tatu unaweza kuacha, kwa sababu sasa unaona kwa macho. Siku mtandao ukiwa mzuri utaenda haraka, ukiwa mbaya utapunguza mwendo wenyewe bila kubahatisha.

Faida nyingine: chati ya darasa unaisomea kwenye simu hiyo hiyo. Laptopu inabaki na slaidi tu, hufungui na kufunga vitu mbele za watu.

Na kabla ya somo lenyewe, tengeneza slaidi ya majaribio. Iandike neno moja kwa ukubwa ule ule wa herufi utakaotumia kwenye darasa zima, mfano MWAROBAINI, halafu waambie: "Ukiona neno kwenye skrini, liandike kwenye chati." Anza kuhesabu. Utajua mambo mawili kwa mpigo: picha inachukua muda gani kufika kwa watu wengi, na nani haoni kabisa. Asiyeona anasaidiwa pale pale na msaidizi wako kwenye WhatsApp, wakati wengine wanaendelea kuingia. Wengi utakuta ni jambo dogo, mtu yuko kwenye ukurasa wa sura za watu, hajatelezesha kwenda kwenye skrini iliyosheiwa. Waambie pia wanaweza kukuza slaidi kwa vidole viwili kama wanavyokuza picha. Usidhani kila mtu anajua.

HERUFI: TUPIGE HESABU KIDOGO

Slaidi ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa karibu sentimita 34. Simu iliyoshikwa wima ina kioo chenye upana wa kama sentimita 7. Maana yake slaidi yako ikifika kwenye simu inapungua karibu mara tano. Herufi uliyoandika kwa ukubwa wa 18, ambayo kwenye laptopu unaiona ya kistaarabu kabisa, kwenye simu inakuwa chini ya 4. Hiyo ni ndogo kuliko yale maandishi ya kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, ambayo hakuna mtu amewahi kuyasoma. Ukubwa wa 24 unashuka mpaka 5. Ukubwa wa 40 ndo unabaki kama 8, angalau mtu anasoma bila kukunja uso.

Basi 40 iwe ndo herufi yako ndogo kuliko zote, vichwa viwe vikubwa zaidi. Utasema haitoshi nafasi. Ndiyo, haitoshi, na hiyo ndo raha yake. Slaidi ya mistari kumi itabidi uivunje iwe tatu. Slaidi hazilipiwi. Orodha ya malighafi nane usiiweke mahali pamoja, weka malighafi moja, kiasi chake, na picha ya kopo lake. Basi.

Kuna njia nyingine ambayo wachache wanaitumia, na mimi naiona nzuri kwa wateja wetu hawa wa simu: slaidi ya mraba. Kwenye PowerPoint nenda "Design", halafu "Slide Size", chagua "Custom Slide Size", weka upana 19.05 na urefu 19.05. Kwenye Google Slides iko kwenye "File", "Page setup", unachagua "Custom". Slaidi ya mraba kwenye simu iliyoshikwa wima inajaa upana wote na inachukua eneo kubwa zaidi la kioo. Hesabu yake: sentimita 19 kushuka mpaka 7 ni kupungua chini ya mara tatu, kwa hiyo herufi ya 28 inabaki kama 10. Wenye laptopu wataona weusi pembeni kushoto na kulia, hawatakufa. Ila weka ukubwa huo kabla hujaanza kupanga slaidi. Ukibadili ukiwa umeshamaliza, kila kitu kinasogea na kupishana, utaanza upya.

Rangi sitaki kusema sana. Maandishi meusi kwenye nyeupe, au meupe kwenye bluu nzito. Mtu yuko dukani juani, njano juu ya nyeupe haioni.

MBWEMBWE ZIONDOE

Najua zinavutia. Maneno yanaingia yanazunguka, kopo la sabuni linaruka kutoka chini, slaidi inageuka kama ukurasa wa kitabu. Kwenye projekta ukumbini, sawa. Mtandaoni, picha iliyotulia haihitaji kutumwa tena na tena, ikishafika imefika. Kitu kinachotembea kinabadilisha picha kila mara, na kila badiliko lazima litumwe. Mwenye mtandao dhaifu haoni mzunguko wowote, anaona kopo limeganda nusu hewani, halafu linatokea chini ghafla. Unamtesa bure na bando lake linaenda.

Ukitaka vitu vitokee kimoja kimoja, tengeneza slaidi tatu zinazofanana, kila moja ina kitu kimoja zaidi ya iliyopita. Ni ujanja wa kizamani na unafanya kazi kila mahali, hata kwenye PDF.

Picha za bidhaa ulizopiga na simu nazo ni nzito, moja inaweza kuwa MB kadhaa. Ukiweka ishirini, laptopu yako kuukuu itakuwa inavuta pumzi kila ukibadili. Bofya picha yoyote, nenda "Picture Format", kuna "Compress Pictures", zipunguze zote. Kwa darasa la mtandaoni hakuna atakayeona tofauti.

Video ndefu usichezee ndani ya slaidi. Kama unataka waone jinsi ya kukoroga, itume kwenye kundi la WhatsApp kabla ya darasa, darasani mjadili kile walichoona. Ukilazimika kabisa kuicheza kwenye Zoom, wakati wa kushea kuna vibox viwili vya kuweka tiki, "Share sound" na "Optimize for video clip". Bila cha kwanza wataona midomo inacheza bila sauti. Video ikiisha kiondoe hicho cha pili, kwa sababu kinapendelea mwendo kuliko ukali wa picha, ukikiacha maandishi ya slaidi zako yatakuwa na ukungu.

SHEA SLAIDI, USISHEE MAISHA YAKO

Ukibonyeza "Share Screen" kwenye laptopu, Zoom inakuuliza unataka kushea skrini nzima au kidirisha kimoja. Wengi wanabonyeza skrini nzima kwa sababu ndo inakuja ya kwanza. Halafu WhatsApp ya kwenye laptopu iko wazi, inachungulia kona ya chini: "Boss mzigo wangu mpaka leo sijaupata na hela nimetuma." Watu sitini wamesoma.

Fanya hivi. Fungua slaidi zako, zianzishe kwa kubonyeza F5. Halafu shika Alt bonyeza Tab urudi Zoom, bonyeza kushea, na uchague kile kidirisha cha onyesho la slaidi peke yake. Kinachotokea nje ya hapo hakiendi kwa wanafunzi. Kwenye Google Meet njia nzuri ni kufungua Google Slides ndani ya Chrome na kushea kichupo hicho kimoja.

Wenye simu tu msijisikie wanyonge, darasa linafundishika kwa simu. Ila hatari ya kuumbuka ni kubwa zaidi, kwa sababu ukishea skrini ya simu unashea kila kitu: meseji ya M-Pesa inashuka juu na jina la mteja, kiasi alichotuma, na salio lako. Salio dogo ni aibu, salio kubwa ni kualika matapeli. Na jina na namba ya mteja wako si mali ya kuonyesha watu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na wafanyabiashara wadogo nasi inatuhusu. Njia salama ni kuzihifadhi slaidi kama PDF. Ukibonyeza "Share" ndani ya Zoom ya simu utaona unaweza kuchagua hati au picha badala ya skrini. Chagua hati. Hapo wanaona PDF tu, kurasa unazifungua kwa kidole. Pamoja na hayo, washa "Usinisumbue" kabla ya kuanza. Na simu inayofundisha isiwe na laini ambayo wateja wanaipigia, maana simu ikiingia tu sauti yako inakatika darasani. Laini ya biashara mpe msaidizi.

KURUKA BILA KURUDI NYUMA

Swali linakuja wakati uko slaidi ya 14: "Samahani dada, ile ya sulfoniki turudie." Unachokiona kwa walimu wengi ni kurudi nyuma moja moja, 13, 12, 11, wamepitiliza, wanarudi mbele. Kila slaidi uliyoipitia inatumwa kwa wanafunzi wote. Mwenye mtandao mdogo anapata mvurugano, hajui tuko wapi.

Ukiwa kwenye onyesho la skrini nzima la PowerPoint, andika tu namba ya slaidi kwenye kibodi halafu bonyeza Enter. Sulfoniki iko namba 4? Bonyeza 4, Enter, umefika. Ukimaliza, 14, Enter, umerudi. Ndo maana karatasi yenye orodha ya slaidi na namba zake ikae pembeni ya laptopu, umeiandika kwa mkono. Na ukitaka watu waache kuangalia slaidi wakusikilize wewe, labda unaongea habari ya kuvaa glavu kwa sababu sulfoniki inaunguza ngozi, bonyeza B. Skrini inakuwa nyeusi. Bonyeza tena B slaidi inarudi. Onyesho likifungwa kwa bahati mbaya, shika Shift bonyeza F5, linaanzia slaidi uliyopo na si mwanzo.

MUDA NA BANDO

Zoom ya bure inakata kwenye dakika 40. Google Meet ya bure, mkiwa watatu au zaidi, ni dakika 60. Zote mbili zinachukua mpaka watu 100. Usipange darasa la dakika 40 kwenye Zoom ya dakika 40. Kuingia tu na kusalimiana kunakula tano mpaka kumi. Mimi naona slaidi 12 mpaka 15 zinatosha kipindi kimoja, kwa mwendo huu wa kusubiri picha ifike. Somo likizidi, tengeneza vipindi viwili vyenye linki mbili, zitume zote mapema, katikati pumziko la dakika kumi. Watu wanalipenda pumziko, wanahudumia wateja wao.

Kuhusu bando, Zoom wenyewe wameandika kwamba kushea skrini bila video ya sura kunahitaji kilobiti 50 mpaka 75 kwa sekunde, na sauti 60 mpaka 80. Video nzuri ya mtu na mtu inahitaji 600. Ukipiga hesabu kwa saa nzima, slaidi na sauti kwa pamoja hazifiki MB 75. Video ya sura peke yake ni kama MB 270. Kwa hiyo jitokeze kwa kamera dakika mbili za mwanzo, watu wakuone, wajue ni mtu kweli na si tapeli, halafu izime. Waambie na wao wazime kamera zao, maana kila sura inayoonekana inakula bando la mwenzake. Kwenye tangazo lako andika kabisa: "Darasa saa moja, andaa MB 150." Inazidi mahitaji, lakini hakuna atakayelalamika kwamba bando limebaki. Mtu anayejua gharama zote kabla ya kulipa anakuamini zaidi.

UMEME UKIKATIKA

Utakatika. Laptopu iwe na chaji kamili, intaneti itoke kwenye simu na si kwenye kifaa cha ukutani kinachozima na umeme. Msaidizi wako awe na PDF ile ile kwenye simu yake, na awe amejaribu kuishea siku moja kabla. Ukipotea, yeye anaandika kwenye kundi: "Tumeishia slaidi namba 9, tusubiri dakika tano."

Kuna ubishi kuhusu kuwatumia wanafunzi PDF mapema. Wengine wanasema ukiituma kabla, hawaji darasani, wanaisambaza kwa wasiolipa. Hoja yao naielewa. Ila mimi naona afadhali ukate katikati: tuma mapema kurasa mbili tu, ile yenye majina ya malighafi na ile yenye nafasi tupu za kujaza vipimo. Wanafunzi wanakuja kujaza. Mtandao ukimkata mtu, ana karatasi mkononi, anaomba namba za nafasi zilizobaki na anaendelea. PDF kamili wanaipata baada ya darasa, ina jina la kila aliyelipa juu ya ukurasa wa kwanza. Kuandika majina arobaini kunachosha, lakini mtu akiona jina lake juu anafikiri mara mbili kabla ya kuirusha kwenye makundi mengine.

SLAIDI YA MWISHO

Usimalizie na "Asanteni kwa kusikiliza". Slaidi ya mwisho iwe duka lako: picha ya malighafi ulizotumia darasani, bei yake, namba ya Lipa na jina litakalotokea mtu akilipa, na siku unayotuma mzigo mikoani. Iache hapo muda wote wa maswali. Haitembei, kwa hiyo kwenye simu zote itakuwa imeshafika na imetulia, kali kabisa, na watu wanaipiga picha ya skrini bila kukuomba namba tena na tena. Swali la slaidi nyingine likija, namba, Enter, jibu, kisha rudi kwenye duka.

Na ukisikia simu ya msaidizi inaanza kulia lia na oda, bonyeza "Stop Share" kwanza, ndo ufungue WhatsApp uangalie nani kalipa.